Dashibodi Haiapi

Bonasi ya majani chai ikilipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, mabroka wa magari huwahi kupanda huku Borabu hata kabla ya wauza mabati. Hapa Nyansiongo, penye kiwanda cha chai na wakulima waliongoja fedha hizo mwaka mzima, Probox na Hiace za mtumba hupakwa nta zikaegeshwa karibu na soko. Kila gari lina namba ndogo kwenye dashibodi, na kila namba ina mtetezi wake. Utetezi wenyewe nimeusikia mara nyingi hadi naukumbuka kwa moyo. Wacha niujibu hoja kwa hoja.

1. “Hii dashibodi ni ya dijitali, bosi. Haichezewi.”

Hiyo ndiyo rahisi zaidi kuchezewa. Dashibodi za zamani zilikuwa na magurudumu madogo ya tarakimu, na aliyeyarudisha nyuma kwa mkono mara nyingi aliyaacha yakiwa yamepinda; ungemkamata kwa macho. Leo hesabu imo ndani ya chipu. Mwenye kifaa chake huandika namba aitakayo, na kioo hakionyeshi kovu lolote. Wengine hung'oa dashibodi nzima kutoka gari lililogongwa wakaipachika hapa.

Katika baadhi ya magari, kompyuta nyingine, kama ile ya giaboksi au ya breki, huweka hesabu yake ya pembeni. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta za gari ataweza kulinganisha. Hesabu zikipingana, umepata jibu. Zikikubaliana, usifurahi bado, endelea kukagua.

2. “Imetoka Japan moja kwa moja.”

Vizuri, basi ije na karatasi zake. Japan ina ukaguzi wa lazima: gari dogo la kibinafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Probox ya mizigo huanza kwa miaka 2, kisha hukaguliwa kila mwaka. Kilomita huandikwa katika ukaguzi huo, na cheti cha kusafirisha gari nje ya Japan hubeba rekodi hiyo. Ipo pia karatasi ya mnada, ambapo mkaguzi huandika kilomita alizozikuta na hutia alama akizishuku. Omba zote mbili, ulinganishe namba ya chasisi na ile iliyochorwa kwenye chuma. Dashibodi ya leo ikionyesha kilomita chache kuliko zile zilizo kwenye cheti cha Japan, mazungumzo yameisha.

Usichanganye jambo hili na sheria ya miaka 8 inayosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya. Sheria hiyo huzuia umri wa gari linaloingia nchini, haihesabu mwendo wake. Gari la miaka 7 laweza kuwa limetembea kilomita 50,000, laweza kuwa limetembea 250,000.

Na kama gari limetoka Uingereza, iwe Land Rover au lile gari lenye kitanda na jiko ambalo Wazungu husafiri wakilala ndani yake, angalia kwanza kama namba ni maili. 60,000 ya maili ni karibu kilomita 96,600. Uzuri wa Uingereza ni kwamba historia ya ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na maili za kila ukaguzi, husomwa bure mtandaoni kwa namba ya usajili ya kule.

3. “Logbook ni safi, na NTSA wamekagua gari.”

Logbook itakuambia mwenye gari, mwaka wa kutengenezwa, namba ya injini na ya chasisi. Haina mstari wa kilomita. Ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nao unauliza kama breki zinashika na taa zinawaka siku ile. Yote hayo ni muhimu, lakini ni majibu ya maswali mengine.

4. “Ilikuwa ya mzee wa kanisa. Ilitoka Sabato tu.”

Huku kwetu, kwenye Waadventista wengi, Sabato ndiyo siku ambayo Probox nyingi hulala. Siku 6 zilizobaki hubeba watu. Tuseme gari linazunguka kilomita 150 kwa siku: kwa wiki ni 900, kwa mwaka 46,800, kwa miaka 3 ni 140,400. Sasa soma dashibodi tena.

Mwaka jana nilionyeshwa moja ya “mzee wa kanisa”. Dashibodi ilisema 78,000. Mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelika upande wa kulia hadi chuma kinang'aa. Usukani ulikuwa laini kama mpini wa jembe la zamani, na sponji ya kiti cha dereva imelala upande wa mlango, pale mtu anapojivuta akiingia na kutoka mara mia. Ndani ya kisanduku cha dashibodi, chini ya risiti za mafuta, kulikuwa na kadi ya sevisi: mafuta ya injini yabadilishwe tena kwa 196,400. Nilimpa broka akaisoma. Akasema labda ni ya gari lingine.

5. “Kilomita chache ndiyo gari zima.”

Si lazima. Gari lililosimama miaka miwili chini ya mti hukausha mipira ya kuzuia mafuta, na tairi zake hupasuka mbavuni. Kilomita 150,000 za lami zenye sevisi kwa wakati zaweza kuwa nafuu kuliko 80,000 za kupanda matope kwenda vituo vya kukusanyia majani. Kwa hiyo sikatai gari lenye namba kubwa. Nakataa kulilipia bei ya namba ndogo.

6. “Ukishanunua, umenunua.”

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haisemi hivyo. Mfanyabiashara anayetoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa anafanya kosa la mwenendo usio wa haki, na mnunuzi anaweza kudai mkataba uvunjwe. Shida huwa ni ushahidi, maana maneno matamu ya broka huishia hewani.

Kwa hiyo mkataba wa mauzo uandikwe, na ndani yake uwe na mstari huu: “Muuzaji anathibitisha kuwa kilomita halisi za gari hili ni…” Namba, jina, sahihi. Yule wa Probox nilimsogezea kalamu. Akaitazama, akacheka. “Aah, hiyo hatuandikangi.” Kisha, kabla sijasema neno, akapunguza bei kwa elfu themanini.