Kuku wa Bei Poa Kutoka Mnadani: Usimwingize Bandani Kabla Hujasoma Hapa



Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinipigia simu saa moja kasoro asubuhi. "Shikamoo afisa. Nimeongeza kuku bandani, wenyeji wanawadonoa wageni mpaka damu. Nifanyeje?" Nikamwitikia, nikamuuliza wageni wamefika lini. Jana jioni. Wametoka wapi? Mnadani. Wangapi? Kumi na tano, matetea wazuri, bei poa sana. Wamechanjwa? Kimya. Na wa kwako wewe je, umewachanja lini kideri? Kimya kirefu zaidi.

Alikuwa na chotara 210, wanampa trei tano kwa siku na wateja wake wa chipsi wanamsubiri. Siku ya nane baada ya simu ile alianza kuokota mizoga: kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, mabawa yameshuka. Nilipofika kwake walikuwa wamebaki 62.

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wangu. Kila anayeongeza kuku ananiuliza habari ya ugomvi, na anayeuliza habari ya ugonjwa simpati. Ugomvi unauona kwa macho ndiyo maana unakutisha, lakini utakuua kuku wawili watatu. Kideri kinafagia banda. Na kuku aliyekibeba anaweza kukaa siku tano au sita, wakati mwingine hadi wiki mbili, bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo hiyo "nimewakagua, wako wazima" unayoniambia siku ya manunuzi haina uzito. Mafua ya kuku ndo mabaya zaidi kwa hilo: kuku anaugua, anapona, anapendeza, halafu anaendelea kuyabeba na kuyagawa kwa wenzake.

Msimamo wangu ni huu: mgeni akae karantini siku 30. Najua wengi mnasema wiki moja inatosha. Haitoshi, hesabu mwenyewe hizo siku nilizotaja. Na karantini siyo kona ya banda lilelile iliyozibwa kwa gunia. Ni kibanda cha peke yake, mbali kadiri eneo lako linavyoruhusu, upande ambao upepo hautoki huko kwenda kwa wenyeji. Vyombo vyake vya maji na chakula visihame. Hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, na viatu vya kule vibaki kule.

"Afisa, sina nafasi ya banda la pili." Jamani, kwa kuku kumi na tano fito, wavu na mabati mawili chakavu vinatosha. Kama hivyo navyo huna, basi huna nafasi ya kuongeza kuku, tuambizane ukweli.

Ndani ya siku hizo 30 wape chanjo ya kideri. Ile ya I-2 ya tone moja jichoni haikupi shida. Wape dawa ya minyoo, kagua chawa na utitiri chini ya mabawa na karibu na haja, usiku ukiwa na tochi. Wenyeji nao chanjo yao isiwe imepita miezi mitatu, na kama imepita wachanje angalau wiki mbili kabla ya kukutana. Msiwape wageni antibayotiki "kwa tahadhari" kwenye maji. Kideri ni kirusi, hakisikii hizo dawa, na kwa magonjwa mengine utaficha dalili ambazo ndizo unazozisubiri.

Kuna jambo moja watu hulikataa kabisa: siku 10 za mwisho chukua kuku mmoja wa kwako, yule asiyetaga vizuri, umweke na wageni. Akiugua, umepata jibu kwa hasara ya kuku mmoja. Nimeitwa mkatili kwa ushauri huu. Mi nasema mkatili ni yule anayejaribia kuku wote 210.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Kuku wana ngazi zao, kila mmoja anajua nani anamdonoa na nani anamkimbia. Mgeni akiingia ngazi inapangwa upya, na kudonoana kidogo hakuepukiki. Ule ushauri wa "waingize usiku, asubuhi watajikuta wamezoeana" una ukweli nusu. Giza linapunguza fujo za mwanzo, lakini kuku wanatambuana kwa sura, na kukicha watamjua mgeni. Bora wakae wiki nzima wakitenganishwa na wavu, wanaonana bila kugusana, ndipo uwaweke usiku kwenye vichanja. Usiingize mmoja peke yake, ataonewa. Ongeza sehemu za kulia na kunywea, maana wababe hukalia chombo. Akitoka damu mtoe haraka, kuku wakiona damu hawaachi. Akizidi mbabe mmoja, mtoe yeye siku tatu nne. Akirudi atajikuta mgeni na adabu itakuwa imemwingia.

Na usichanganye matetea wadogo na watagaji. Mbali na kupigwa, chakula cha watagaji kina chokaa nyingi inayoharibu figo za kuku ambaye hajaanza kutaga.

Ukifanya yote hayo, bado mayai yatashuka siku kadhaa. Ndiyo maana kwa anayefuga kibiashara mimi sipendi kabisa mtindo wa kujazia jazia. Ingiza wa rika moja, watoke pamoja, safisha, anza upya. Karantini ni kwa yule anayelazimika, mfano anahitaji jogoo mpya wa mbegu.

Yule kijana juzi kanipigia tena. Anataka kujaza nafasi za waliokufa, kuna mtu anamuuzia matetea 100. Nimemwambia asiongeze hata mmoja, na wale 62 asiwapeleke mnadani wakiwa hai, maana ndivyo ugonjwa ulivyofika kwake. Wamalize muda wao wa kutaga, wachinjwe palepale, banda lioshwe, lipulizwe dawa na likae tupu wiki tatu, ndipo aingize vifaranga. Kasema atafikiria, ila wateja wa chipsi hawamsubiri.