Meza ya Pool Sebuleni

Jamani, mwenzenu nilikubali meza ya pool iingie sebuleni ili mzee aache kukimbilia baa. Ilikuwa mtumba, ya jiwe, kilo 300 na ushee. Wiki ya kwanza tu, ugomvi! Kila mpira unakimbilia kona ya dirishani, yeye anadai namwibia. Akakunja gazeti akachomeka chini ya mguu. Siku 2, limesagika. Msijaribu.

Fundi alifunga skrubu za kusawazishia kwenye kila mguu, zenye kitako kipana ili uzito usipasue vigae. Pima maji juu ya meza, kwa urefu kisha kwa upana. Anainua kidogo kwa jeki, anazungusha skrubu kidogo tu, anapima tena. Saa 2 nzima!

Ijumaa iliyopita mzee alifika nyumbani saa 1 jioni. Nikamfunga 3-1. Akaomba pima maji.