Fulana, Mkoba na Cheti

Katika sebule ya shangazi yangu, Kashikishi, kuna cheti kimetundikwa ukutani juu kidogo ya redio. Kinasema kwamba alihudhuria semina ya siku mbili ya uongozi kwa viongozi wa matawi ya wauguzi. Pamoja na cheti alipewa fulana na mkoba. Nilipomuuliza alifundishwa nini, alinitajia sifa za kiongozi bora: awe mwadilifu, awe msikivu, awe na maono. Alizikumbuka zote, kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha, kisha akacheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu najua kilichotokea miezi michache baada ya semina hiyo.

Shangazi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya kando ya Ziwa Mweru, na wenzake ndio waliomchagua kuwa katibu wa tawi. Msimu wa mvua, malaria ilipojaza wodi hata wagonjwa wakalala wawili wawili, muuguzi mmoja kijana alilalamika kwamba anaachwa peke yake zamu ya usiku. Wiki haikwisha akapewa barua: afike mbele ya kikao cha nidhamu kesho yake asubuhi, kwa kosa la ukaidi. Shangazi alimsindikiza. Hakujua kwamba mtuhumiwa anastahili muda wa kujiandaa. Hakujua kwamba angeweza kudai shutuma ziandikwe moja moja, wala kwamba muhtasari wa kikao husomwa kwanza ndipo ukatiwa saini. Akafanya alichokijua tangu utotoni: alipiga magoti, akamwombea kijana msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda. Kijana akahamishwa. Nakala ya mkataba wa hali bora za kazi ilikuwa kabatini muda wote huo, kwa Kiingereza cha mawakili, haijawahi kufunguliwa.

Mwadilifu alikuwa. Msikivu pia. Alichokosa ni cha kusema.

Ndiyo maana naandika hapa, na najua baadhi ya wenzangu na walimu wangu hawatapenda: sehemu kubwa ya kile kinachoitwa mafunzo ya uongozi kwa wauguzi walio katika vyama si elimu ya wafanyakazi. Ni posho iliyovishwa joho. Anayekatwa ada kila mwezi ni muuguzi wa wodini, lakini anayelala hotelini kwa ada hiyo ni kiongozi, na anaporudi hana kitu cha kumgawia aliyemlipia nauli. Tena kiongozi huyo mara nyingi ni mwanamume, ilhali wodi zimejaa wanawake. (Hilo lina makala yake, siku nyingine.)

Mwalimu wangu mmoja aliniambia darasani kwamba ukiwafundisha wauguzi haki zao utavuna migomo, na mgomo wa wauguzi unaua. Hoja yake si ya kupuuzwa. Nchini Kenya wauguzi waligoma tangu Juni 5 hadi Novemba 2, 2017, wakidai mkataba wao wa pamoja. Ni miezi mitano, na maskini asiye na fedha za hospitali binafsi ndiye aliyeumia kwanza. Kwetu Zambia, mwishoni mwa 2013, wauguzi waligoma kwa ajili ya mshahara, Serikali ikasema mgomo si halali, ikawafukuza kazi mamia kwa mamia.

Lakini tuitazame vizuri mifano hiyo. Zambia, Sheria ya Mahusiano ya Viwanda na Kazi ya 1993 inaziweka huduma za hospitali miongoni mwa huduma muhimu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inafanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba muuguzi amenyang'anywa silaha ambayo mchimbaji wa shaba anayo. Kilichobaki mkononi mwake ni karatasi: malalamiko yaliyoandikwa kwa tarehe, kifungu kilichotajwa kwa namba, usuluhishi ulioombwa kwa wakati. Asiyejua kutumia karatasi hizo atavumilia miaka kumi, kisha siku moja atatoka nje na wenzake bila utaratibu, na kesho yake atakuta jina lake kwenye orodha ya waliofukuzwa. Anayeogopa migomo ndiye angekuwa wa kwanza kudai elimu hii.

Wala si jambo geni Afrika Mashariki. Tom Mboya, kabla hajawa Mboya tunayemsoma, alikuwa mkaguzi wa afya katika Jiji la Nairobi. Akajenga chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1955 akaenda Oxford kusoma katika Chuo cha Ruskin, chuo kilichowafungulia mlango wafanyakazi. Kampala kulikuwa na chuo cha vyama vya wafanyakazi wa Afrika kilichofunguliwa mwaka 1958, kikafungwa 1968. Kivukoni kilianza mwaka 1961, na mimi, Mzambia ninayesoma Dar es Salaam, kila nikivuka na panton kwenda Kigamboni huutazama upande kilipo. Sisemi vyuo hivyo vilikuwa bila dosari. Kivukoni kilikuwa cha TANU, na chama tawala kina hamu zake. Ila waliovianzisha walielewa kwamba kuendesha chama cha wafanyakazi ni kazi inayosomewa, kama vile kuchoma sindano kunavyosomewa.

Ninachotaka hakihitaji hoteli. Sehemu ya ada ibaki tawini. Wauguzi kumi wakae saa moja baada ya zamu, mmoja aigize mwajiri, mmoja mtuhumiwa, mmoja katibu wa tawi, na kikao cha nidhamu kifanyiwe mazoezi mpaka katibu aache kupiga magoti. Wafundishwe kusoma hati ya mshahara na kuandika lalamiko la ukurasa mmoja. Na mkataba utafsiriwe: kwetu kwa Kibemba, kwenu kwa Kiswahili. Hapa nawageukia wenzangu wa idara hii. Tunaandika tasnifu juu ya istilahi za kompyuta, lakini muuguzi wa Kigoma akiuliza kifungu fulani cha mkataba wake kina maana gani, nani kati yetu amewahi kumjibu? Kiswahili mimi nilianza kukisikia kwa wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo kununua na kuuza, na hakuna aliyewaambia wasubiri istilahi zisanifiwe kwanza.

Likizo iliyopita niliufungua ule mkataba wa kabatini. Nilitafsiri kurasa nne tu, zile za nidhamu, kwa Kibemba changu kilichochakaa, nikamtumia shangazi kwa simu. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akanipigia akiwa zamu, nikasikia watoto wakilia nyuma yake.

"Mwanangu," akasema, "kwa hiyo siku ile ningeweza kusema hatuingii mpaka wiki ijayo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wangekubali?"

"Ingewabidi."

Akaniambia nitafsiri na zilizobaki.