BUSTANI YA MAMA: Tusiuogope Mwiba wa Mnanasi

Mwezi huu tuzungumzie mmea ambao wengi wetu tunaupitia mbali kwa sababu ya miiba yake, yaani mnanasi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini siku hizi ni mwenyeji wetu kabisa. Wenzetu wa Kiwangwa, Bagamoyo, na wa Geita wanaulima kwa wingi na kuupatia fedha. Sisi wa huku Mbesa, wilayani Tunduru, tumezoea korosho, mahindi na muhogo, na mnanasi tumeuachia pembe za ua ujioteshe wenyewe.

Hebu tufikirie kalenda ya nyumba zetu. Mananasi huiva zaidi kati ya Novemba na Januari. Huo ndio wakati ambao ghala la mahindi linapungua, mavuno mapya bado yako mbali, na watoto wanahitaji daftari na sare za shule. Mama mwenye minanasi mia moja nyuma ya nyumba ana kitu cha kuweka mezani na cha kupeleka sokoni.

Lakini kabla ya kushika jembe, tuzungumze na baba watoto. Mnanasi si mchicha wa wiki tatu. Utakaa hapo miaka mitatu au minne, kwa hiyo ni vizuri ijulikane mapema kwamba kipande hicho ni cha mama na mapato yake yatafanya kazi gani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki ya ardhi sawa na mwanamume. Hata hivyo, makubaliano ya amani ndani ya nyumba yanazuia maneno mengi siku ya mavuno.

KUCHAGUA MBEGU. Mbegu ya mnanasi ni machipukizi yanayotoka ubavuni mwa mmea mama. Tuchukue yenye afya, yaliyolingana ukubwa, kutoka kwa mmea uliozaa tunda zuri. Kishungi cha juu ya tunda nacho huota, ila kinachelewa: chipukizi huzaa baada ya miezi 15 hadi 18, kishungi karibu miaka miwili. Wanaoogopa kuchomwa watafute aina yenye majani laini, ambayo miiba yake iko karibu na ncha tu. Ile yenye miiba mingi ina matunda madogo lakini matamu sana, na ni ukingo mzuri wa kuzuia mbuzi.

KUPANDA. Mnanasi hupenda udongo wa kichanga usiotuamisha maji, kwani mizizi yake huoza upesi. Tubandue majani makavu ya chini, tuyaache machipukizi siku chache kivulini ili kidonda kikauke, kisha tupande mvua zinapoanza. Tuache sentimita 30 kati ya mche na mche, na 90 kati ya mstari na mstari. Kwa nafasi hiyo, miche 100 inaenea katika kieneo cha mita 9 kwa 3. Tuangalie udongo usiingie katika moyo wa mche, maana utaoza. Penye mteremko, mistari ikate mteremko ili ishike udongo.

KUTUNZA. Mizizi iko juu juu, basi palizi iwe ya mkono au ya jembe jepesi. Tuvae nguo ya mikono mirefu. Samadi iliyooza na matandazo ya nyasi kavu vitaupa mmea nguvu wakati wa kiangazi. Tukiona sisimizi wengi, tuchunguze chini ya majani: mara nyingi wanawabeba wadudu weupe wenye unga ambao hunyausha mmea. Uliougua ung'olewe na kuchomwa, wala tusichukue mbegu kwake. Tena tusipande chini ya madirisha, kwa sababu mbu wa aina fulani huzaliana katika maji yanayokaa kwenye makutano ya majani.

KUVUNA. Nanasi likishakatwa haliongezi utamu, hata kama ganda litageuka manjano jikoni. Tusubiri macho yake yatanuke na rangi ianze kupanda kutoka chini, ndipo tukate kwa kisu. Vitamini C iliyomo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, jambo muhimu kwa mama mjamzito na watoto. Kwa hiyo tusiuze yote. Vipande vichache vibaki kwa ajili ya chakula cha nyumbani.

Baada ya mavuno ndipo wengi tunapoharibu. Shina lililozaa halizai tena, bali watoto wake ndio watakaozaa. Tukiyaacha machipukizi yote, yatanyang'anyana chakula na matunda yatakuwa madogo kama ngumi. Tuache moja au mawili katika kila shina, mengine tuyapande au tumpe jirani aanzie hapo.

Mvumilivu hula mbivu. Mvua za mwaka huu zitakapoanza, tuwe tumeshaandaa machipukizi yetu kivulini.