Jamani, Si Baridi Tu!

Kama na wewe unapandia treni pale Gare du Nord, mama zetu unawaona. Wanatoka kununua vitu Rue de Brabant, nyuma ya stesheni, kila mkono na mfuko wake, na kwenye ngazi wanasimama mara mbili, mara tatu. Mmoja wao ni shangazi yangu, mtu wa Bukavu, miaka 63. Ukimuuliza anaumwa nini, jibu ni lile lile: "Ni baridi imeingia mu mifupa, mwana wangu."

Januari aliteleza. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa kawaida tu, mtoto angeinuka akacheka. Yeye akavunjika kifundo cha mkono. Ndipo akapimwa damu: vitamini D iko chini kabisa. Na yuko Ubelgiji miaka 14!

Sasa hiyo baridi ni nini? Ngozi inatengeneza vitamini D kwa jua, na bila vitamini hiyo mwili haunyonyi kalsiamu vizuri. Bukavu iko karibu na Ikweta. Brussels iko nyuzi 51 kaskazini, na kuanzia Oktoba mpaka Machi jua lake kwa kazi hiyo ni kama halipo. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe, halafu sisi tumejifunika makoti mpaka masikio. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka na mifupa inakonda haraka. Ni kweli mifupa ya Waafrika kwa wastani ni mizito zaidi, lakini asikudanganye mtu kwamba haivunjiki.

Tena kuna chakula. Kule shangazi alikula sambaza wa Ziwa Kivu, samaki mzima na mifupa yake, na mashanza. (Sambaza wenyewe ni wahamiaji, walitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950!) Huku ni kuku, wali, mkate, chai. Wanawake wa Inuit kule Aktiki hawana jua la kutosha tangu zamani, ila vitamini D waliipata kwenye samaki na mafuta ya wanyama wa baharini. Chakula cha dukani kilipochukua nafasi, vitamini hiyo ikapungua kwao pia. Basi shida si kuhama peke yake. Sisi tumepoteza jua, na samaki tumemwacha pia.

Mimi lawama naziweka kwetu wanafunzi. Kwa daktari ni sisi tunaotafsiri, na mama akisema "baridi", tunatafsiri baridi! Daktari anaandika dawa ya maumivu, tunarudi nyumbani. Mimi nimefanya hivyo miaka mitatu. Kumbe ilitosha kusema: mapaja yanauma, anashindwa kuinuka kitini, jua halioni, apimwe vitamini D na mifupa. Na vidonge tusimnunulie kwa kukisia, kipimo apange daktari.

Chakula si kigumu. Mwanamke wa umri ule anahitaji kama miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku, na glasi ya maziwa ina kama 300. Yakimsumbua tumbo, maduka ya Wamoroko pale Rue de Brabant yanauza maziwa ya kuganda, ndugu wa mashanza. Sadini wa kopo, pamoja na mifupa yao, wako kila duka.

Shangazi sasa anawala, huku akilalamika kwamba si sambaza. Jumamosi nampeleka Matonge kutafuta ndakala wakavu.