KUPANDA POLEPOLE HAIKO WOGA



Kati yetu wanafunzi kuko wanaowaza kwamba mwenye nguvu ya michezo anaweza kufika popote bila shida. Sisi hatukubali. Tutazame La Paz, mji wa serkali ya Bolivia, Amerika ya Kusini. Uko karibu metre 3 600 juu ya bahari. Kilele cha Nyiragongo, volkano ya Goma, kiko metre 3 470. Ni kusema kule watu wanauza mboga na kwenda kazini juu kupita mdomo wa volkano! Na kiwanja cha ndege, pale El Alto, kinapita metre 4 000.

Hewa ya kule iko na oksijeni asilimia 21, sawa hapa kwetu. Lakini presha yake ni ndogo, na kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Mwili unaomba siku za kuzoea, hata mwili wa mchezaji. Tarehe 1 Aprili 2009 Argentina, pamoja na Messi, walipigwa kule 6-1. Hatusemi ni hewa peke yake ilifunga magoli, lakini jina kubwa halikuwasaidia.

Basi, msafiri afanye nini? Kama njia inaruhusu, alale kwanza siku mbili tatu Cochabamba, kwenye metre 2 500 hivi. Akifika La Paz, siku ya kwanza apumzike, anywe maji, ale kidogo, aache pombe na mbio. Avae koti, maana usiku ni baridi kali. Mitelemko ya mji asiipande kwa miguu: tangu 2014 kuko teleferike. Wenyeji watamupa chai ya majani ya koka. Lakini majani yale asiyatie ndani ya mizigo ya kurudia, kwani inchi nyingi zinayakataza.

Kuumwa kichwa kidogo ni kawaida. Lakini kichwa kikizidi, akitapika, akiyumba sawa mlevi, ao akikosa pumzi hata akikaa, dawa ya kwanza ni kushuka, hata usiku ule ule.

Hapa tunasisitiza. Wengi wananyamaza juu ya kuogopa kuchekwa ao kuharibu safari ya wenzao. Kunyamaza vile kunaweza kuua. Kwa hiyo mgonjwa aseme mapema, wenzake wasimucheke, na kiongozi wa kundi afuate mwendo wa yule wa nyuma, si wa yule mwenye mbio.