Kelele Haziui, Msongamano Ndio Unaoua

Watawala wetu wana ugonjwa mmoja unaostahili kutajwa kwa jina lake: wanaiogopa sauti ya vijana kuliko wanavyoviogopa vifo vya vijana. Linapoombwa tamasha, swali la kwanza ofisini huwa ni la mavazi, la maneno ya nyimbo na la saa ya kuzima spika. Swali la milango ya dharura huja mwisho, kama litakuja.

Hoja yangu nitaijenga kwa mfano ambao wengi wenu hamkuutarajia. Januari 2019 nilikuwa London, katika ukumbi wa Wembley Arena, kuitazama bendi ya Architects ya Brighton iliyokuwa katika ziara yake. Hupiga metalikoo, muziki uliozaliwa na metali nzito na panki kali: magitaa yanakwaruza, mwimbaji ananguruma, kisha ghafla mdundo unapungua mwendo na kuwa mzito kama nyundo, na hapo ukumbi mzima unalipuka. Vijana walikimbia wakizunguka katika duara. Mara wakagawanyika pande mbili, wakaacha uwazi katikati, halafu wakavamiana kifua kwa kifua. Mchezo huo wenyewe wanauita ukuta wa mauti. Mgeni angeapa kwamba ameingia katika ghasia.

Lakini katika ghasia hizo mlikuwa na sheria. Aliyeanguka aliinuliwa papo hapo na mikono mitatu, minne ya watu asiowajua. Aliyepoteza kiatu alikiona kimenyanyuliwa juu mpaka akakifuata. Aliyechoka alipishwa njia. Waliobebwa juu ya vichwa vya wenzao walipokewa na walinzi mbele ya jukwaa, wakashushwa taratibu na kuonyeshwa pa kupita. Walinzi wale hawakushika virungu. Walikuwa wakigawa maji.

Na hizo kelele zilihusu nini? Mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa bendi hiyo, Tom Searle, alifariki kwa saratani Agosti 2016, akiwa na miaka 28. Pacha wake, Dan, ndiye mpiga ngoma. Albamu waliyokuja nayo, Holy Hell, iliyotoka Novemba 2018, ni ya msiba huo. Zilikuwa kelele za matanga. Anayeusikia muziki wa namna hii na kukimbilia kumtaja shetani angefaa kwanza kuuliza nani amefiwa. Kwetu woga huo si mgeni: mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliunda tume nzima kuchunguza ibada za shetani. Ingekuwaje kama juhudi hiyo ingetumika kuchunguza kuta, ngazi na milango ya kumbi za burudani?

Msinielewe kwamba Waingereza walizaliwa na nidhamu hiyo. Waliifunzwa na makaburi. Agosti 1988, katika tamasha la metali huko Castle Donington, mashabiki wawili walifia katika msongamano mbele ya jukwaa. Desemba 2022, mjini London kwenyewe, watu wawili walipoteza maisha kwa msukumano katika ukumbi wa Brixton Academy, usiku wa onyesho la Asake wa Nigeria. Halmashauri ya Lambeth ilisimamisha leseni, na ukumbi haukufunguliwa tena hadi Aprili 2024, baada ya kuwekewa masharti 77 ya usalama. Hakuna aliyeupiga marufuku muziki wa Afrobiti. Kilichoshtakiwa ni milango, tiketi na usimamizi.

Sasa turudi nyumbani. Machi 2021, Dar es Salaam, wananchi walifurika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais John Magufuli. Polisi walitangaza kwamba watu 45 walikufa katika msongamano. Hapakuwa na gitaa pale, wala ngurumo, wala kijana aliyejichora mwili. Palikuwa na waombolezaji. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, jijini Kampala, watu wasiopungua tisa, wengi wao wakiwa wadogo, walikufa katika jengo la maduka la Freedom City walipokuwa wamekusanyika kutazama fataki. Msiba na sherehe vimetupa maiti zilezile, kwa sababu kifua cha binadamu hakijui tofauti ya ibada na disko. Katika msongamano wengi hufa wakiwa wamesimama: mbavu zimebanwa, pumzi haiingii. Anayesukuma nyuma haoni kinachotokea mbele. Kirungu au bomu la machozi likiongezwa hapo, ni kuwaongezea watu sababu ya kusukumana.

Najua jibu litakalotolewa: wenzetu wana fedha. Kuhesabu watu mlangoni hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kufungua kufuli la mlango wa nyuma hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Ndugu zangu mlioko katika halmashauri na jeshi la polisi, nadai mambo manne. Kibali kitaje idadi ya juu ya watu, na idadi hiyo ibandikwe mlangoni. Milango yote ya kutokea iwe wazi muda wote wa shughuli. Awepo mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho, mazishi au mkutano wa hadhara, hata kama mgeni rasmi bado anahutubia. Na watu wakifa, taarifa ya uchunguzi itangazwe hadharani.

Nanyi wanafunzi, msingoje serikali. Mkiingia ukumbini, tafuteni mlango wa kutokea kabla ya kutafuta nafasi ya kupiga picha. Mwenzenu akianguka, mwinueni. Mkikuta milango imefungwa kwa kufuli, pigeni kelele kubwa kuliko bendi.